Kila Jumatano, Magharibi Zaidi

Mumbles Road, Swansea
6 Machi 1960

Dada Eluned,

Habari za huko kwenye theluji? Picha ya mwanao Carys imefika. Mama ameiegemeza kwenye birika la chai na hataki mtu aisogeze, kwa hiyo siku hizi chai tunajimiminia kama watu wanaobeba yai. Magoti ya Mama yanauma vile vile. Wifi yako Heulwen anakusalimu sana, na anauliza kama shemeji Walter bado yuko zamu ya usiku kiwandani au wamemwonea huruma.

Treni ya ufukweni imekufa kweli. Wameanza kung'oa reli, na kando ya bahari kumebaki mtaro wa kokoto kama kidonda. Heulwen anasema tangu Januari mayai ya wageni yanaharibika, maana alizoea kuyaepua akisikia treni ya saa mbili ikipita.

Sasa jambo lenyewe. Chumba cha mbele ghorofani, kile kinachoona ghuba yote mpaka mnara wa taa, kimepata mpangaji hadi mwisho wa Agosti. Ni Mzee Beynon. Ndiyo, Iorwerth Beynon, dereva wa treni, baba yake Glanmor. Mkewe alifariki kabla ya Krismasi, kazi imekwisha pamoja na treni, na nyumba ameiuza. Alibisha hodi Jumatatu na sanduku moja, akavua kofia, akamwuliza Heulwen kama tuna chumba kinachotazama maji. Heulwen ni mtu wa mabondeni kwa wachimba makaa, si wa hapa pwani, mambo ya mwaka ule hayajui, akamkaribisha. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta jikoni anakunywa chai na Mama. Mama alikuwa mweupe kama shuka.

Ningefanyaje? Mtu aliyezika mwana na mke, nimtoe nje na sanduku lake? Ni mpole, hana kelele, kitanda anatandika mwenyewe. Usihangaike.

Nduguyo,
Emlyn


Hamilton, Ontario
15 Machi 1960

Mdogo wangu Emlyn,

Barua yako imefika leo na nakujibu leo, sufuria ikiwa jikoni. Sisi wazima. Carys ameng'oka jino la pili. Walter bado zamu ya usiku, tunakutana mlangoni kama wapangaji. Theluji imefika usawa wa kitasa.

Mtafutie Mzee Beynon mahali pengine. Nakuomba. Ngazi zenu ni kali, na mtu wa umri wake anahitaji chumba cha chini. Mwambie hicho cha mbele kilikwisha kushikwa, umesahau. Atakuelewa, ni mtu wa heshima.

Je, amekuuliza lolote? Amekuambia kwa nini amechagua kwenu, na Swansea ina nyumba za wageni kila baada ya hatua kumi?

Mbusu Mama. Mwambie nitaandika zaidi.

Eluned


Swansea
24 Aprili 1960

Dada,

Salamu za Pasaka, ingawa zimechelewa. Nyumba ilijaa, wageni kutoka Birmingham wanaolalamika kuwa bahari iko mbali. Niliwaambia wasubiri kwa muda wa saa sita, itakuja yenyewe mpaka mlangoni. Mama alikwenda kanisani kwa miguu yake, mara ya kwanza tangu Novemba. Carys aache kung'oka meno, atamaliza.

Kwenye barua yako kuna mstari umeukata kwa wino mzito. Niliuinua dirishani, sikuweza kuusoma. Kama ni kitu cha kusema, sema.

Mzee Beynon bado yupo. Ngazi anapanda vizuri kuliko mimi. Aliniomba kitu kimoja tu: kila Jumatano mchana nimsindikize matembezi ya ufukweni, maana peke yake anaogopa kuteleza. Nilikubali. Jumatano ya kwanza tulitembea juu ya ile njia ya treni, kutoka uwanja wa kriketi mpaka gatini Mumbles, naye akitaja kila kituo kwa jina, pale ambapo hakuna tena kituo. Ya pili tulivuka kilima mpaka ghuba ya Bracelet, chini ya mnara wa taa. Ya tatu Langland, ambako walikuwa wanapaka vibanda rangi ya kijani. Anakwenda na saa yake ya kazini, ile kubwa ya mfukoni, na daftari. Anaandika tumefika saa ngapi na tumeondoka saa ngapi. Mazoea ya udereva, nadhani.

Hatujamtaja Glanmor hata mara moja. Huko Langland mzee alisimama pale maji yanapoishia, akageuka kuutazama mji juu, akaniuliza, kijana akikimbia kutoka hapa mpaka nyumba ya kwanza yenye watu, ni dakika ngapi. Nikamwambia inategemea kijana.

"Wa miaka kumi na tisa," akasema.

Nikasema labda nane. Akaandika.

Wiki hii kombe wa baharini wa Penclawdd ni wanono sana. Heulwen amewakaanga na nyama ya nguruwe na mwani, na Mama akaomba sahani ya pili.

Emlyn


Hamilton
3 Mei 1960

Emlyn,

Tuko wazima. Theluji imeyeyuka, pamebaki matope.

Mwaka ule wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Umeniandikia maneno ya yule mzee, kisha ukaniandikia habari za kombe. Unadhani mimi ni nani?

Tangu nihamie huku, mwaka wa tisa huu, sijaliandika jina la Glanmor kwenye karatasi, na leo naliandika. Alikufa maji tarehe kumi Agosti 1949, kwenye mawe ya kile kisiwa cha Joka, na wewe ndiye uliyekwenda naye. Mlivuka pamoja ile njia ya mawe wakati maji yamekupwa, ukarudi peke yako. Ulimwambia hakimu wa uchunguzi kwamba ulimwacha mzima, amekataa kurudi mapema, na bahari ikamzunguka. Mzee Beynon alikaa benchi la mbele siku ile, kofia magotini. Hakulia. Alikuwa akimtazama kila shahidi mdomoni.

Nimetoa ramani ya zamani ya Baba. Bracelet, Langland. Tazama mnakoelekea. Kila Jumatano mnasogea magharibi, na huko magharibi pwani inaishia Joka.

Mwambie mgongo unakuuma. Mwambie lolote.

Dada yako


Swansea
19 Juni 1960

Dada mpendwa,

Samahani kwa kimya. Heulwen alipata homa, nikawa mpishi, na wageni wawili wakahama. Sasa amepona. Mama anataka kujua kama sweta lilimtosha Carys.

Mgongo hauniumi, na mzee anajua hauniumi, kila siku ananiona nikibeba makaa.

Basi tumekwenda Caswell. Tumekwenda Pwll Du, kule kwenye ule ukingo mkubwa wa mawe ya mviringo, ambako hatukukuta mtu ila kondoo. Na Jumatano iliyopita tulishuka ghuba ya Three Cliffs. Unakumbuka ule mto unavyojikunja mchangani, na yale magofu ya ngome juu. Kulikuwa na familia zimetandika mablanketi. Mzee akatoa saa akaniambia, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi, nikimbie kutoka majini mpaka kwenye ngome, nione kama bado nina miguu.

Nilikimbia, dada. Sijui kwa nini. Mtu mzima wa miaka thelathini, na viatu vyangu vya kutembelea, napanda kilima cha mchanga huku watu wananicheka na kunipigia makofi. Niligeuka nikiwa juu. Yeye hakuwa akicheka. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya saa.

Jioni mezani alimwambia Heulwen kwamba mumewe bado ana mbio. Heulwen akafurahi, akanitania, akaniita farasi. Mama akaweka kijiko chini, akaenda chumbani kwake, na mpaka leo hali chakula meza moja na mzee.

Heulwen ameniuliza Glanmor ni nani, maana ameona jina kwenye kitabu cha sala cha mzee. Nimesema rafiki aliyekufa maji zamani.

Emlyn


Hamilton
28 Juni 1960

Emlyn,

Sweta limemtosha. Mwambie Mama.

Usikimbie tena kwa ajili ya mtu yule.

Sasa nitaandika jambo, kisha uichome barua hii. Niliapa mahakamani kwamba siku ile saa nane mchana ulikuwa mezani kwetu unakunywa chai. Niliapa kwa sababu Mama alipiga magoti jikoni, akanishika sketi, akasema ana mwana mmoja. Mimi nilikuwa nimevaa pete ya Glanmor kidoleni. Nilipanda kizimbani nikiwa nayo, nikasema saa nane, na hakimu akanipa pole.

Uliingia saa moja jioni. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini na hukuweza kufungua vifungo vya koti. Nilikufungulia mimi. Sikukuuliza ulikuwa wapi saa zote hizo. Nilijua nikiuliza utanijibu.

Hata leo siulizi. Ila mtoe yule mzee nyumbani kabla ya Agosti.

E.


Swansea
24 Julai 1960

Dada,

Nimeichoma. Heulwen alisikia harufu ya karatasi akadhani mkate unaungua.

Nyumba imejaa mpaka kwenye ngazi. Wachimba makaa wako likizo na mabonde yote yamehamia ufukweni, wajomba, mashangazi, ndoo na koleo. Kuna bwana mmoja wa Merthyr anayeimba bafuni nyimbo za kanisani, na wengine wanamwitikia kutoka vyumbani. Mama yuko vizuri ila hatoki chumbani mzee akiwa chini.

Oxwich tumekwenda. Port Eynon tumekwenda, mvua ikatunyeshea, tukala samaki na viazi chini ya ukuta kama watalii. Baada ya Port Eynon hakuna tena ila kule.

Leo wakati wa kifungua kinywa alifungua kile kitabu kidogo cha saa za maji kujaa na kupwa, akaniwekea mbele ya sahani, kidole kwenye mstari. Alisema tarehe kumi Agosti mwaka huu inaangukia Jumatano, kama mwaka ule. Alisema ni bamvua, siku ya maji makubwa, kama mwaka ule, na maji yatakupwa na kurudi karibu kwa saa zile zile. Amelinganisha. Kisha akaomba, mbele ya wageni wote, kwa heshima kabisa, kama ningeweza kumwonyesha mahali mwanawe alipoishia, kwa kuwa hajawahi kufika.

Nimekubali. Usinikasirikie. Tangu Machi naamka kila asubuhi nikisubiri aniulize, na haulizi. Nimechoka kusubiri.

Emlyn


Hamilton
2 Agosti 1960

Emlyn,

Usiende. Nilikwenda posta leo asubuhi kutuma simu ya maandishi, karani akasema mstari wa ng'ambo umejaa, nirudi kesho. Kwa hiyo naandika, nikiomba barua iwahi.

Kuna kitu anachokijua na wewe hujui kwamba anakijua. Lazima nikuambie mimi mwenyewe, na siwezi kukiandika Walter akiwa amelala upande wa pili wa ukuta huu. Nipe wiki moja. Usivuke naye yale mawe kabla hujaisoma barua yangu ijayo.

Dada yako


Swansea
14 Agosti 1960

Eluned,

Sote wazima. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki umekaa.

Barua yako ya tarehe mbili imefika Ijumaa, siku mbili baada ya Jumatano. Simu ya maandishi haikufika kabisa.

Tulipanda basi la saa tatu na nusu. Jua lilikuwa kali, Rhossili, pale barabara inapoishia juu ya Joka, imejaa watu, na ule ufuo mrefu chini unang'aa kama sinia. Mzee alivaa suti yake ya mazishi na buti mpya. Pale kwenye kibanda cha walinzi wa pwani kuna ubao wa saa za kuvuka. Aliusoma wote, akalinganisha na kitabu chake, akatikisa kichwa kukubali. Tulishuka. Unayajua yale mawe, yana meno, na mashimo ya maji katikati. Alitembea polepole bila kushika mkono wangu. Tulivuka mpaka kwenye Joka lenyewe, tukakaa nyasini, tukala mkate na jibini. Aliwatazama sili, wale wanyama wa baharini, waliolala mwambani, akasema Glanmor alipenda wanyama. Basi. Mara ya kwanza kwa miezi mitano kulitaja jina lake kwangu.

Tulianza kurudi saa saba na dakika ishirini. Katikati ya njia kuna mabamba mawili ya mwamba yaliyoegemeana na ufa kati yake. Nilipita bila kupatazama. Nadhani ndiyo maana akajua.

"Ni hapa," akasema nyuma yangu.

Akaketi juu ya mwamba, akaingiza mguu ndani ya ufa mpaka gotini, akaukunja kwa nguvu mpaka nikasikia buti likisaga jiwe. Kisha akatoa saa. Uso wake ulikuwa umelowa jasho lakini sauti ilikuwa ya kawaida. Alisema daktari alimwonyesha mguu wa Glanmor ulivyovunjika chini ya goti, na kwamba mawimbi yasingevunja mguu namna ile, yangeponda. Alisema anajua kuwa siku ile sikufika nyumbani saa nane. Nilifika saa moja.

Nilimwinamia nimvute kwapani. Akanisukuma kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayekataa sahani ya pili.

"Nenda kaite watu," akasema. "Nitakungoja. Maji yatafika hapa saa nane na nusu. Una muda wote aliokuwa nao yeye."

Nikakimbia.

Sijawahi kukimbia vile. Nilianguka mara mbili, mikono imechanika. Nilipanda lile jabali nikipita ule ukuta wa mawe ulio kando ya njia, na sikusimama. Mlinzi wa kibanda alikuwa anachemsha maji. Nilimwambia mzee amenasa mguu, akanyanyua simu kabla sijamaliza, na vijana wawili wa shamba la jirani wakaja na kamba na mtaimbo. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Tulishuka wote wanne mbio.

Maji yalikuwa bado hatua thelathini kutoka alipoketi. Alikuwa ameketi vile vile. Walimnasua kwa mtaimbo, mmoja wao akimfokea kwamba wazee wa mjini wangekaa mjini. Yeye hakumsikia. Alinionyesha saa.

"Dakika arobaini na tatu," akasema. "Hata buti halijalowa."

Kifundo kimevimba, hakikuvunjika. Tulirudi na basi la jioni, ghorofa ya juu, kiti kimoja. Mbele yetu familia zilikuwa zinaimba, watoto wamelala na mchanga miguuni. Pale ndani ya basi nilimwambia. Sasa nakuambia na wewe, maana huulizi.

Siku ile Glanmor alinieleza kwamba amepata kazi Coventry, kwenye kiwanda cha magari, na mkioana Oktoba anakuchukua. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Niliona nyumba yote ikiniangukia, mashuka, makaa, Mama, maisha yangu yote, na mimi nilikuwa nimejiandikisha kwenda baharini. Nikamtukana. Akacheka, hakucheka vibaya, lakini alicheka. Nikamsukuma. Mguu ukaingia kwenye ufa ule na yeye akaanguka upande wa pili, nikausikia ukivunjika. Akaniambia nikaite watu. Nikaondoka kwenda kuwaita.

Nilipofika kwenye ukuta ule wa mawe nikakaa nyuma yake. Nilikuwa bado na hasira. Nilitaka aogope kidogo, basi. Nikavuta sigara. Nilimsikia akiniita jina langu. Nikavuta ya pili. Baadaye alikuwa analiita jina lako. Niliposimama, mawe ya katikati hayakuonekana tena, na yeye hakuita. Niliingia majini mpaka magotini. Kisha nikatembea, sijui wapi, mpaka nikafika nyumbani.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho akitazama mbele. Basi lilipopita Killay, karibu na mjini, ndipo akasema.

"Dakika nilizijua. Sigara sikuzijua. Ngapi?"

Nikasema mbili.

Kituo chetu kilipokaribia alisimama mwenyewe kwa mguu wake mbovu akapiga kengele.

Bado yuko chumba cha mbele. Anashuka kula. Anamshukuru Heulwen.

Sasa niambie. Saa ile moja jioni ilijulikana na watu watatu. Mama ameapa kwa Biblia kuwa hakusema. Mimi sikusema.

Emlyn


Hamilton
22 Agosti 1960

Emlyn,

Leo sina salamu.

Ni mimi. Mzee Beynon aliniandikia Januari, anwani aliipata kanisani. Alisema mkewe amekufa akiamini mwanawe alikuwa mjinga aliyeshindwa kusoma maji, kwa sababu ndivyo mahakama ilivyoandika. Aliniuliza swali moja tu: nduguyo alirudi nyumbani saa ngapi. Nilikaa na barua ile siku kumi na moja ndani ya kopo la unga. Kisha nikajibu mstari mmoja. Saa moja jioni, si saa nane. Sikutia hata salamu.

Sikujua kwamba angekuja kuishi kwenu. Nilipopata barua yako ya Machi nilielewa kuwa nimemfungulia mlango wa nyumba yetu, na kila nilipojaribu kukuambia nilikata mstari. Nilikuogopea. Miezi yote hii nilidhani ninakuogopea wewe.

Asubuhi ile Glanmor alikunywa chai kwetu kabla hamjaondoka. Kitabu cha maji kilikuwa mezani. Alinisomea saa ya kurudi, akaniambia saa kumi atakuwa mlangoni. Alijua maji. Hilo sikulisema mahakamani, kwa kuwa lingezua swali ambalo saa nane yako isingejibu. Kwa hiyo nilimfanya mjinga, mimi niliyevaa pete yake, na mama yake akaenda na aibu hiyo kaburini.

Kuhusu Coventry. Mimi nilikuwa nimemwambia sitaki kuhama, siwezi kukuachia Mama peke yako. Siku ile alikuwa hajui bado kama nitakubali.

Kuhusu sigara sina neno. Nimekaa na barua yako siku tatu nikilitafuta. Labda likitoka litatoka nikikuona usoni, na sijui litakuwa neno gani.

Nimemweleza Walter yote. Naondoka Montreal kwa meli tarehe tisa Septemba, nafika Liverpool tarehe kumi na sita, na Swansea kesho yake kwa treni ya jioni. Nakwenda polisi kusema niliapa uongo. Wewe utasema yako au hutasema. Usije stesheni kunipokea.

Eluned


Swansea
30 Agosti 1960

Dada,

Natumaini hii itakukuta kabla hujapanda meli.

Nimemsomea Mzee Beynon barua yako, chumbani kwake, dirisha likiwa wazi. Aliniomba nirudie pale uliposema Glanmor alisoma kitabu cha maji mezani kwetu. Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu alifumba macho, na midomo yake ilikuwa inayafuata maneno.

Kisha akaniuliza treni yako inaingia saa ngapi. Nikamwambia jioni, saa kamili hukuandika.

"Nitaulizia," akasema. "Nitampokea mimi. Wewe asikukute hapa."

Nimemwambia Heulwen. Anaendelea kutandika vitanda vya wageni, na mezani sahani yangu haikuwekwa. Mama alipoelewa kwamba ninakwenda polisi alipiga magoti jikoni, pale pale, akanishika suruali. Safari hii Heulwen ndiye aliyemwinua. Alimkalisha kitini, akamfunika miguu, akanishikia mlango.

Nimechukua koti. Barua hii nitaitia posta njiani. Mzee Beynon ameshashuka, amevaa kofia, amesimama ukumbini. Anasema nitangulie, yeye atakuja nyuma yangu.

Emlyn